Skrubu ya Kijani

Kilikuja kimefunikwa shuka, kama mgonjwa asiyetaka kuonekana.
Twalib wa Kuze akakitua mezani pangu,
akafuta jasho, akasema:
"Kimenyamaa tangu kufa ami. Ni cha wapi hiki, fundi?"

Cha wapi. Sikujibu.
Nembo imebanduka, yamebaki matundu mawili ya misumari.
Nikanusa: siki. Huo ni mkanda unaooza.
Nikahesabu vichwa: kimoja cha kunasa, vitatu vya kurudia,
na cha tano, kidogo, cha kufuta,
vimekaa mstari kama watoto wa chuoni,
na mbele yao mkanda mmoja, dhiraa mbili hivi,
umeungwa ncha kwa ncha, hauna mwanzo.

Cha Kijapani? Waya zake si za Kijapani.
Cha Kitaliano? Mtaliano gani atatumia mbao za sanduku la chai?
Mota ni ya gramafoni. Springi ni ya kalamu.
Chumvi ya Mombasa imekula kila kilichokuwa chuma
ila skrubu moja, iliyopakwa rangi ya kijani,
nami, kwa kiherehere cha mkono, nikaizungusha.

Siku ya tatu, chini ya bati, maandishi ya penseli.
Kigujarati.
Nikayanakili nyuma ya risiti, nikaenda Barabara ya Biashara
kwa Jayantilal muuza vifungo.
Akavaa miwani, akacheka peke yake kwanza.
"Hiki hakikuvuka bahari, bwana. Yasema:
Cha tatu. Nimekiunda mimi, Vrajlal, Makadara.
Skrubu ya kijani isiguswe."

Basi nikarudi na aibu yangu.
Nikanunua mpira wa cherehani, nikaukata, nikauunga.
Nikaosha vichwa kwa spiriti, pamba ikatoka rangi ya tambuu.
Kapasita tatu zilizovimba nikazing'oa kama magego.
Kisha ile skrubu: nusu mzunguko nyuma. Robo. Unywele.
Nikawasha. Vumbi likanukia kuungua.

Ikatoka sauti, nami nimefunga mdomo,
ya mwanamume mwenye mafua:

Zuhura, funga dirisha, vikombe vya kahawa vyaingia
          dirisha, vikombe vya kahawa vyaingia
                    kahawa vyaingia
                              ingia

na nyuma yake, kweli, vikombe: kche, kche.

Kumbe kichwa cha kufuta kilizimwa makusudi.
Ugonjwa wenyewe ndio huu: chakumbuka, hakifuti.

Nikampigia Twalib. "Zuhura ni nani?"
"Kwetu hakuna Zuhura. Alhamisi kitakuwa tayari? Kuna arusi."

Kitakuwa. Robo mzunguko kulia,
mkanda mpya, shilingi mia nane, kwisha kazi.

Bisibisi i mkononi.
Nje muuza kahawa apita, agonga vikombe vyake,
nikajikuta nimeinuka
kufunga dirisha.