Mengineyo

Mimi ndiye katibu. Naandika.
Mtaa wetu, huku Kiamunyi, una nyumba kumi na tisa,
lango moja, uwanja mmoja wa nyasi, wa wote,
na sheria thelathini na mbili.
Ua wa michongoma usizidi kimo cha kifua
(kifua cha nani, hatukuwahi kuafikiana).
Milango yote rangi ya maziwa lala.
Nguo zianikwe nyuma. Kuku, hapana.
Kuku wa Mama Chelang'at waliandikiwa barua mbili;
ya tatu aliwatandikia watagie.

Na Bwana Oirere, nambari saba:
rundo la kifusi na mawe mbele ya lango lake
tangu ghorofa ya pili imshinde kujenga,
mwaka ule mkewe alipolazwa.
Shilingi mia tano kila mwezi.
Nimemwandikia mimi, kwa mkono huu,
"Tunakukumbusha kwa heshima,"
miezi thelathini na mmoja ya heshima.
Hakujibu. Rundo likaota maua ya manjano
ambayo hakuna kamati iliyoyapitisha,
watoto wakaliita Menengai.

Kisha Aprili.
Mvua ya kutwa kucha haikungoja ajenda.
Alfajiri Lokwawi, anayetukatia nyasi,
alinigongea dirisha, kofia mkononi,
kama mtu aliyeleta habari za msiba:
"Katibu, uwanja umepasuka."

Tulitoka na ndara na majaketi.
Ufa. Si wa ukuta; ufa wa ardhi yenyewe,
umeanzia chini ya nambari tatu, umekata nyasi
kama kisu kipitavyo kwenye ugali,
umevuka mpaka wa ploti bila kuomba ruhusa,
unaelekea kwa mwenyekiti.
Kibao chetu cha USIKANYAGE NYASI
kilikuwa kimezama, kimebakiza neno moja juu:
USIKANYAGE.
Kwa mara ya kwanza, wakubwa kwa wadogo,
tulikitii.
Kijana wa Nyakio alitupa jiwe, tukasikiliza.
Lilichelewa kujibu.

Mwekahazina akasoma salio.
Lilitosha rangi ya lango na chupa moja ya dawa ya magugu.
Watu wa kaunti waliahidi kuja Jumatatu,
hawakutaja ya wiki gani.

Hakuna aliyelitaja rundo. Aibu nayo ina adabu zake.
Ni Oirere mwenyewe aliyetoka na toroli,
gurudumu likilia, suruali ameikunja,
akamwaga mzigo wa kwanza miguuni pa mwenyekiti,
akarudi. Wa pili.
Kufikia wa nne tulikuwa sote na makarai na makoleo,
Mama Chelang'at na ndoo ya kuku,
tukiishusha Menengai ufani, jiwe baada ya jiwe,
na udongo wenye maua tukauweka juu.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Ufa wa chini hujengewa nini, hawakusema.

Jioni, mkutano.
Mwenyekiti akashukuru wote kwa ujumla.
Mwekahazina, ambaye ni mtu wa haki,
akauliza ile elfu kumi na tano na mia tano
sasa tuiandike wapi.
Oirere akasimama. Nilidhani atatutukana;
kalamu yangu ilikuwa tayari.
Akasema, "Nitalipa.
Lakini mawe yangu mtanirudishia
siku nitakapojenga."
Mtu mmoja akacheka, akaacha.

Hapo nimeacha mstari mtupu.

Leo imenyesha tena, si sana.
Nyasi zimeanza kushika, na yale maua
Lokwawi huyazunguka na mashine yake
bila kuambiwa na mtu.
Katikati yao nimeona uwazi mwembamba,
wa kidole kimoja, labda kasoro.
Nimechuchumaa nikaupima kwa kalamu.
Kalamu imeingia yote.