Nyongeza

Shabiri wa Kisutu ana friji mbili dukani,
moja ya soda, moja ya vitu vilivyopitwa na wakati.
Humo ndimo inamolala mikanda ya picha za rangi,
tarehe zake zilikwisha kabla mwanangu hajaota jino,
ubavuni mwa mfuko wa kamba wa pilau ya Ijumaa.
Ya kale hayanuki, wamesema waliosema.
Huu wangu unanuka kamba.
Ndiyo sababu tunaelewana bei.

Nimeshazijua tabia zake. Hautaki kivuli,
hautaki jioni, unanuna chini ya turubai.
Lakini uupe jua la saa tano, Mtaa wa Mchikichi,
utakumwagia ndoo nyekundu, madera, bamia,
na anga iliyogeuka chai ya maziwa
kwa sababu ya uzee tu.
Ule wa bei mbaya, niliowahi kuletewa zawadi,
ulimfanya Mwinshehe jivu lenye meno.
Huu chakavu ulimtoa vile alivyo:
mweusi wa kung'aa, na deni usoni.

Nyeusi na nyeupe ni habari nyingine.
Hiyo naikata mwenyewe kutoka kopo la futi mia,
usiku, Tandika, umeme ukikatika.
Mtaa mzima unaguna;
mimi nafunga mlango nasema ahsante:
giza la bure, tena kubwa.
Nahesabu mizunguko kwa kidole, ishirini na nane,
ishirini na tisa, mtoto anakohoa, napoteza hesabu,
naongeza miwili kwa usalama.
Kisha kahawa ya kopo, magadi,
vidonge vya vitamini vilivyopondwa:
mkanda unasafishwa kwa kitu kinachonuka
kama staftahi ya mgonjwa.

Chausiku wa saluni alikataa kutwa nzima.
"Piga wateja. Mimi nina kazi. Mimi wa mwisho."
Nikapiga vichwa: kilichosukwa nusu,
kilicholala ndani ya taulo,
kimoja kinalia kwa sababu za nywele na nyingine.
Saa moja usiku akakaa, chanuo mkononi,
hina imemkolea, akauliza, "Rangi itatoka?"
Nikamwambia haitatoka.
Nikadhani mkanda umekwisha. Nikavuta. Ukakubali.

Mkanda wa kusokota nyumbani, mwisho wake
huwa umeshaona mwanga; ndipo gundi inaposhikia.
Kwa hiyo Chausiku ametoka sikio, chanuo,
jicho moja, nusu ya cheko
lililokuwa ndiyo kwanza linaanza;
upande wa pili nuru imekula mpaka ukutani.
Nilitaka kuificha. Akaninyang'anya,
akaibandika juu ya kioo kwa gundi ya kope.

Mteja akiuliza nani kaichoma,
anaendelea kusuka.
"Haijaungua. Hiyo nimepewa nyongeza."