Punda Milia wa Kona ya Soko

Sijawahi kumwona punda milia aliye hai.
Huyu ninayemvaa alishonwa na Doña Eulogia
kwa kitambaa cha blanketi na masikio ya sponji,
na jasho la kijana aliyenitangulia bado linanuka shingoni.
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, La Paz,
baridi inauma kama deni,
nashuka barabarani kwa kwato za mpira,
nasimama pale palipochorwa mistari kama yangu.

Mistari ya rangi haina macho.
Dereva huikanyaga asijue kakanyaga nini.
Ndiyo maana wakaitia miguu, wakaitia mkia,
wakaituma ikacheze mbele ya taa nyekundu.

Nacheza. Naiinamia teksi. Namshika mkono bibi
wa kofia ya duara na sketi za tabaka tabaka,
furushi la viazi mgongoni.
Ananiambia, "Taratibu, mnyama wangu,
viazi hivi vina watu wanaovingoja."

Kabla ya mkia huu nilikuwa utingo, miaka mitatu.
Lori la saruji, dereva Don Severo Huallpa,
kiwiko kwenye usukani, vidole vikimenya chungwa,
mimi kichwa nje ya dirisha, nikipiga mlango kwa kofi:
twende, twende, pako wazi!

Hapakuwa wazi.
Palikuwa na muuza jeli na trei yake ya vikombe,
nyekundu, njano, kijani.
Navikumbuka vikombe kuliko uso.
Mji huu ni wa miteremko,
kitu kikianguka hakisimami karibu.

Usiku ule polisi, majirani, padri, hata mimi,
tulisema neno moja: ajali haina kinga.
Tulilisema kama watu wanaofunga mlango.

Lakini mimi nilikuwamo ndani ya lori.
Kinga niliiona.
Ilikuwa chini ya kiatu chake cha kulia,
kipande cha chuma, upana wa kiganja.
Ilikuwa pia kinywani mwangu:
"ngoja," silabi mbili tu,
nami nikasema "twende," mbili vilevile.

Jumatatu iliyopita lori likaja.
Nililijua kwa kikohozi chake.
Likavuka mstari, likaniwekea bampa kifuani.
Sisi hatutukani, hatupigi filimbi.
Nikapiga magoti, nikalaza kichwa cha sponji juu ya bampa,
nikakoroma.
Watoto wa shule wakaangua kicheko.
Akacheka naye, nilimsikia.
Kisha gia ikalia, na tani kumi za saruji
zikarudi nyuma shubiri mbili. Tatu.

Hakujua nani yumo ndani.
Akanyoosha mkono dirishani, akanipa chungwa.
Kwato hazimenyi.
Nikalitia ndani ya vazi, likanikaa tumboni
kama jiwe la baridi.

Taa ikageuka kijani.
Katikati ya kivuko kabaki mtoto mmoja,
kainama, anafunga kamba ya kiatu,
na anaifunga vizuri, hana haraka na mtu.
Honi zikaanza, moja, nne, barabara nzima.
Nikainua mikono yote miwili,
nikasema, mdomo umezama kwenye sponji
ambako hakuna anisikiaye,
ngoja.