Nyuma ya Sikio

Nyumbani, pakiti ni shilingi mia na hamsini
dukani kwa Faraji, mkabala na msikiti.
Ongeza mswaki uliochakaa, beseni lenye ufa,
mafuta ya mgando pajini ili ngozi isinywe rangi,
na ile kanga ya madoa ambayo jina lake halisomeki tena.
Mbele nilijipaka mwenyewe.
Nyuma alinipaka Twalibu.

Alikuwa msoma mita wa Idara ya Maji,
mtu wa tarakimu. Dakika thelathini, si zaidi,
jicho kwenye saa, sikio kwenye redio.
Siku moja mpira ukaingia dakika za nyongeza,
akanisahau juu ya kigoda uani
mpaka kichwa kikawaka kama kaa la jikoni.
Penalti tukakosa. Nywele zikakatika wiki nzima.
Sikumsemesha mpaka Ijumaa.

Rangi iliyobaki hakuitupa.
Aliitia kwenye masharubu,
akatoka nayo hadi sokoni kama kijana anayekwenda kuposa.

Shangazi Mwanatumu akitukuta, husonya.
"Nyeusi haifai. Hina ndiyo suna, tena inapoza kichwa.
Na chini ya buibui, nani wa kukuona?"
Twalibu akajibu bila kuinua macho:
"Mimi."

Kisha eda.
Miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila udi, bila pakiti.
Nilipotoka nikajitazama kiooni:
inchi mbili nyeupe kutoka utosini,
halafu nyeusi hadi mabegani.
Sikuhitaji kalenda. Nilikuwa nimeiotesha.

Nilijaribu peke yangu.
Kioo kikubwa mbele, kidogo mkononi nyuma,
kulia kukawa kushoto, mkono ukapotea njia.
Nikapaka shingo. Nikapaka kola. Nikapaka ukuta wa choo.
Nikaketi kigodani nikacheka,
na kicheko kikaendelea hata baada ya kuacha kuwa kicheko.

Swabra, binti yangu, akasema:
"Mama, Malindi hii yote huna pa kwenda? Nenda Maweni, kwa Mbeyu."

Pazia la zambarau mlangoni, wanaume hapana.
Feni inayolalamika. Kiti kinachopanda kwa kukanyagwa.
Elfu moja na mia nane!
Kwa pesa hizo nyumbani ningepaka mwaka mzima,
na masharubu ya mtu juu yake.

Nikalaza shingo kwenye sinki kama kuku aliyekubali.
"Namba ngapi, mama? Moja ni nyeusi tii. Tatu ina ukahawia."
Kumbe rangi zina namba. Angefurahi.
"Tatu," nikasema, ili Shangazi naye apate chake.

Mbeyu haongei ovyo.
Alinigawa kichwa mafungu manne kwa vibanio
kama anayegawa shamba la marehemu, kwa haki.
Hakuna tone lililoanguka. Hakuna redio.
Vidole vya mtu mwingine kichwani mwangu
vikijua kazi kuliko vile nilivyovizoea,
nami nikaona raha, na ile raha ikaniona haya.

Kisha akasimama.
Akalikunja sikio langu la kushoto, akainama.
"Mama, nani alikuwa akikupaka?
Kote mvi zimeanzia juu. Hapa nyuma ya sikio
ni nyeupe mpaka nchani.
Huyo mtu hajawahi kupagusa."

Miaka kumi na mmoja.
Saa yake, dakika zake, mswaki wake,
na hapo palimponyoka kila mwezi.
Au alipaacha makusudi, apate pa kunitazama
nikizeeka? Hakuwa mtu wa mambo hayo.
Sijui. Mita hiyo hakuniachia namba yake.

Brashi ikakaribia, baridi.
"Hapo paache," nikasema.

Mbeyu akanitazama kiooni, brashi hewani.
"Sawa, mama. Lakini bei ni ile ile."