Mfuko wa Ndani

Alikuja Jumanne, mvua ikiwa bado mabegani,
akalaza koti juu ya meza yangu, hapa Kadutu,
koti la mitumba, la kijivu, kola imechoka kidogo,
akasema: Mama Nsimire, nataka mfuko wa ndani,
upande wa kushoto,
usionekane hata nikiinua mkono.
Kisha akatoa kipimo:
karatasi ya mfuko wa saruji, ameikata mwenyewe kwa makasi.

Mimi ni fundi. Miaka ishirini na sita nimepima
vifua vya maharusi, viuno vya wajawazito,
bega la padri lililoshuka upande mmoja.
Umbo lile sikuhitaji kuliuliza jina.
Mkono mfupi, shingo ndefu,
kama ndege aliyechinjwa akalazwa ubavu.

Nikauliza tu: Na kibali?
Bwana Bahizire akatazama nje,
watoto walikuwa wanapanda kilima na madumu ya maji.
Dada, mimi nabadilisha pesa. Jioni nafunga meza yangu Nyawera,
napanda huku gizani na franga za watu kwapani.
Mwizi naye, ulishamwona na kibali?
Akaacha elfu kumi ya kutanguliza, akaenda.

Si jibu baya. Ndilo lililoninyima usingizi.

Kulipokucha nikafunga kibanda, nikaenda komini.
Ukutani pana karatasi tatu, zimebandikwa moja juu ya nyingine:
ya chini ni ya Kinshasa, muhuri wake umefifia,
ya katikati ni ya jimbo, kona imeliwa na mende,
ya juu ni ya meya, bado inanuka gundi.
Ipi ndiyo sheria? nikamwuliza karani Mulumeoderhwa.
Zote, akasema, akifuta miwani kwa tai.
Ya Kinshasa inasema nani anaruhusiwa kuwa nayo.
Ya jimbo inasema hata huyo, saa gani asitoke nayo.
Ya meya (akainama kuisoma kama mgeni)
ya meya inasema sokoni, kanisani, uwanja wa mpira, hapana.
Na ujue, mama, kuiweka nyumbani si kutembea nayo,
na kutembea nayo si kuificha.
Kila neno lina mlango wake,
na kila mlango una mtu wa kupokea malipo.

Na anayeshona?

Akanyamaza.
Akafungua kabati, akafunua faili, vumbi likamkohoza.
Anayebeba yumo. Anayeuza yumo. Anayemficha mbebaji yumo.
Sindano, akasema, sindano siioni.
Rudi Alhamisi.

Alhamisi umeme ulikatika, ofisi ikafungwa mapema.

Shati la mdogo wangu Cubaka nililishona mwenyewe, la buluu.
Alilivaa Jumapili mbili, ya tatu tukamzika nalo.
Aliyemuua hakuwa mwizi.
Alikuwa jirani, kwenye ubatizo, anainama kumbeba mtoto,
na kitu kikamponyoka kiunoni, kikaanguka sakafuni,
kikasema neno moja.
Alilia kuliko sisi.
Hakuna aliyejua kwamba anacho. Ndiyo maana
hakuna aliyesogea.

Basi nimeushona mfuko wa Bwana Bahizire.
Upande wa kushoto, kitambaa cha hariri, hauonekani,
kazi safi, sijui kuharibu.
Ila sikufuata kipimo chake.
Nimeukata kwa kimo cha karatasi moja, iliyokunjwa mara nne,
yenye picha ya mwenyewe na muhuri,
na juu nimetia kifungo.
Akija nitamwambia: hiki kianze kuingia.
Kile kingine mtafutie fundi mwingine.

Hajaja. Wiki ya tatu sasa.
Elfu kumi yake iko koponi, chini ya vishikizo.
Koti linaning'inia mlangoni, wapita njia wananiuliza bei.
Jana mwanafunzi wangu Asifiwe alilijaribu,
akaingiza vidole, akacheka:
Mama, mfuko gani huu? Hata simu haiingii!
Vua, nikamwambia.
Vua polepole. Ni la mtu.