Beseni Moja

Kiangazi Luchingu, ndoo ya maji mia tano.
Nafua jezi za Nyundo, nafua za Mkwaju,
watu wasiozikana.

"Kila timu na maji yake,"
katibu wa Nyundo alinionya.
Ndiyo, baba.
Maji yenyewe yako wapi?

Nikaloweka zote beseni moja,
nyekundu na nyeupe, jasho juu ya jasho,
na damu ya pua, sijui ya nani.

Jumapili Mkwaju wakaingia uwanjani
pinki kama keki ya harusi.
Tukacheka mpaka bao la kwanza.
La pili, Nyundo wakaanza kufukua golini mwao.

Usiku, hodi ya kunong'ona.
Katibu, kajitanda kanga hadi puani,
ndoo mbili zimejaa:
"Bi Nangale, na zetu.
Dawa ileile."