Majivu ya Deni

Daktari alinipa mkebe wa bati, mfuniko wa kusokota,
na risiti. "Pole," akasema, "tia sahihi hapa."
Nikaupima mkononi njia nzima hadi South B:
haufikii pakiti ya unga.
Mbwa aliyenivuta kamba nikaanguka mara mbili
nyuma ya hospitali ya Mater, watu wakitazama,
hafikii pakiti ya unga.

Aliitwa Deni kwa sababu alikuwa deni.
Otwori alinikopa elfu tatu, akasema Ijumaa.
Ijumaa ikazaa Ijumaa,
mwisho akaja na kitoto cha mbwa ndani ya koti,
kinatetemeka kama simu iliyozimwa mlio.
"Chukua hiki, tumalizane."
Hatukumalizana. Nilitoa miaka kumi na mmoja
ya mifupa, ya sindano, ya dawa ya viroboto,
na kila nilipofungua mlango
alinidai upya, kwa mkia.

Sasa yuko rafuni, kati ya chumvi na majani chai.
Jumapili Mama alikuja kutoka Wote,
akasokota mfuniko, kijiko tayari mkononi.
"Nzilani, haya majani yako yameharibika?"
Nikamwambia.
Akaufunga polepole. Akanawa mikono, akanawa tena,
kisha akauliza, uso kwenye sufuria,
kama yule mbwa alielewa Kikamba.
Kidogo, nikasema. Neno la kuja na neno la kula.
"Basi alijua ya kutosha."

Lakini Wote hapana. Mjomba Nthiwa
alicheka kwenye simu mpaka akakohoa:
"Kwetu mbwa hufukiwa, hazikwi.
Na wewe umelipia moto?"

Mwenye nyumba amemwaga saruji kila mahali,
hata mti wa uani umevishwa kola ya saruji.
Msitu wa Karura una lango na tiketi,
na sijui tiketi ya aliye mkebeni ni ya mkubwa au ya mtoto.
Nilisimama kwenye daraja la Mto Ngong,
maji rangi ya oili ya gereji, povu, ndala moja inaelea.
Nikakumbuka alivyochukia kuoga.
Nikarudi naye.

Jana stima zilipotea. Nikashuka na mkebe,
siwezi kusema kwa nini.
Bawabu Etyang alikuwa langoni anaota moto,
baridi ya Julai imemkalia mabegani.
"Ndiye huyo?"
Ndiye.
Akachokora makaa kwa muda mrefu.
"Ukiwa zamu ya usiku ukiniachia, nilikuwa namwambia mambo.
Mwaka ule kijana wangu alipofukuzwa shule kwa sababu ya ada.
Hakumwambia mtu."
Kisha: "Nipe kijiko kimoja. Mimi pia nina deni."

Kando ya nguzo ya lango, saruji ina ufa
ambao Deni aliukwaruza miaka yote akitafuta nini.
Etyang akaupanua kwa ncha ya rungu,
akamimina, akashindilia kwa kisigino,
akarudi kwenye jiko lake kama mtu aliyefunga duka.

Asubuhi habari ilikuwa imepanda ngazi kabla yangu.
Chemutai wa ghorofa ya pili, meno mawili hana,
aliningoja kwenye gunia la sukuma la mama yake
na kijiko cha uji.
"Huyu mliyekuwa mkinilia biskuti naye," nikasema,
"chukua sehemu yako."
Akafukia kwa vidole, akafuta kamasi kwa udongo uleule.
"Ataota?"
Nikajibu ndiyo,
sikumuuliza kuota kupi.

Dawa ya deni kulipa, wamesema,
hawakusema kwa vijiko vingapi.
Mkebe umerudi rafuni, mwepesi, unalia ukitikiswa.
Jioni Mama akapiga simu: mvua, mbuzi, goti lake,
halafu, kama aliyejikwaa,
"Na kile kilichobaki, utakitoa lini?"

Ijumaa, nikamwambia.